Mtu Mzito Upande wa Dereva

Kambini, darajani
3 Februari

Mke wangu,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Barua yako imenifikia kwa gari la dawa, na kabla sijafika mwisho nilikuwa nimekwisha pandwa na hasira. Eti rimu mbili za mbele zimepasuka, na yule muuza tairi wa karibu na soko anakwambia, "Rimu ni rimu, mama, zote duara." Mtu yule angekuwa mbele yangu ningemuuliza kama na yeye huvaa kiatu chochote mradi kina tundu la kuingizia mguu. Watu wa namna hiyo ndio walioshika biashara zote siku hizi. Wanauza wasichokijua kwa watu wanaoona haya kuuliza, halafu gari likianza kula tairi wanakwambia barabara ni mbaya.

Usinunue chochote kwake. Nyuma ya stoo yangu kuna uwanja ambako magari ya kampuni yaliyochakaa yanauzwa vipande vipande, na rimu nyingine bado nzima kabisa. Mtunza stoo ni mimi, nachagua kabla ya wengine. Lakini kuna mambo mawili ya kushika. Kilichouzwa pale hakirudishwi. Na lori la dereva wetu Mapengo, ambalo ndilo pekee linaloweza kubeba magurudumu, linakuja huko mara moja tu kabla mvua haijafunga barabara. Tukikosea, gari litakaa juu ya mawe mpaka nirudi, na wewe utapeleka mashati ya shule madukani kwa kuyabeba kichwani.

Kwa hiyo nataka vipimo, na nivitaje kimoja kimoja. Inua gari kwa jeki, toa gurudumu la mbele. Tundu za nati ni tano, na tundu tano hazitazamani, basi usipime kwa kukata katikati kama andazi. Anzia ukingo wa nje wa tundu moja, ruka linalofuata, ishia katikati ya la tatu. Pima tundu kubwa la kati. Pima upana wa rimu ndani ya midomo yake, si nje. Kisha lilaze gurudumu kifudifudi, weka ubao ulionyooka juu ya mgongo wake, upime kutoka ubaoni kushuka mpaka pale chuma kinapokutana na gari. Hicho ndicho kipimo ambacho wauza tairi hawajawahi kukisikia, na ndicho kinachoamua gurudumu lizame ndani au litokeze nje. Ukimaliza rudisha gurudumu, shusha gari, pima nafasi iliyopo kati ya tairi na bati la madigadi lililo juu yake, pande zote mbili, gari likiwa tupu. Mwisho usukani ukatwe mpaka ukomo, kulia na kushoto, uone tairi linasogelea wapi. Weka gunia lililokunjwa chini ya magoti, sakafu ile inauma.

Fanya mwenyewe. Kaka asiitwe. Najua atajitolea, hajawahi kukosa nafasi ya kujitolea. Baba alimwachia yeye karakana na mimi akaniachia gari, na tangu siku hiyo hawezi kulipita gari langu bila kuligonga gonga kama daktari. Na mama usimsumbue kwa mambo haya. Macho yake yamechoka, mwache apumzike kibarazani.

Mumeo


Nyumbani
11 Februari

Mume wangu,

Tumepima, na tumemaliza. Karatasi ya pili ndani ya bahasha hii ina vipimo vyote. Kila kimoja kimechukuliwa mara tatu, na nukta iko chini ya kile cha kufuata. Kwenye tundu za nati futi yangu ya kushonea ilitaka kupinda, nikaazima rula ya chuma. Ubao ulionyooka sikuupata ndani ya nyumba nzima, mbao zako zote zimepinda kama zimesikia habari mbaya, mwishowe nikatumia ile rula ndefu ninayokatia vitambaa. Haijawahi kunidanganya kwenye suruali, sidhani itaanza na chuma.

Nafasi ya juu ya tairi, kama ulivyotaka, gari tupu: upande wa abiria sentimita nane, upande wa dereva sita. Nimepima tena na tena hapo, ndiyo hizo. Usukani umekatwa kulia na kushoto, tairi linapita bila kugusa, lakini ndani kwa upande wa dereva nafasi iliyobaki ni ya kidole tu. Usichague kitu kinene.

Muuza tairi alipita akanikuta nimelala chini ya gari, miguu tu ndiyo iliyokuwa nje. Akauliza ni fundi gani huyo. Nikamwambia ni fundi wa mashati. Ameondoka akitikisa kichwa.

Nina oda ya duka kubwa la karibu na kituo cha mabasi, mashati ya madarasa yote. Wanataka yafike kabla shule hazijafunguliwa muhula ujao, na gari ndilo nililowaahidi. Kwa hiyo ninakusubiri wewe na magurudumu yako kama mtu anavyosubiri maji ya bomba.

Mama anakusalimu. Anasema ule vizuri.

Mkeo


Kambini, darajani
20 Februari

Mke wangu,

Vipimo vimefika. Nimevisoma mara ya kwanza kama mtunza stoo, nikaridhika. Nimevisoma mara ya pili kama mume, nikaanza kuhesabu watu.

Umeandika "tumepima". Mimi nilimtuma mtu mmoja.

Umeandika usukani "umekatwa". Nani ameukata? Usukani wa gari lile ni mgumu kama mlango wa benki. Huwezi kuwa ndani unaukata na wakati huohuo uko chini unatazama tairi linapita wapi. Miguu yako ilikuwa nje ya gari, umesema mwenyewe, na muuza tairi ni shahidi. Sasa mikono iliyokuwa juu ilikuwa ya nani?

Nayo ile sita na nane, naomba usinifanye mtoto. Nimefanya kazi na vyombo vizito maisha yangu yote. Gari halijiinamishi lenyewe kwa heshima. Gari huinama kwa aliyelikalia. Nilisema tupu, nawe ukaandika tupu, lakini namba hazijui kuficha siri za watu: kulikuwa na mtu ndani ya gari langu, kwenye kiti changu, ameshika usukani wangu, na mke wangu amepiga magoti nje anamsomea vipimo. Na si mtu mwepesi. Sentimita mbili haziletwi na kijana wa dukani. Huyo ni mtu mzima, ameshiba, amekaa na kutulia kama mwenye nyumba.

Naijua mitaa yetu. Mwanamke akibaki peke yake na gari bovu, mafundi huota kama uyoga. Kila mmoja ana spana mfukoni na maneno matamu mdomoni, na hakuna hata mmoja anayeuliza mwenye gari yuko wapi.

Niambie ni nani. Mpaka nijue, sinunui hata nati.

Mumeo


Nyumbani
27 Februari

Mume wangu,

Barua yako niliisoma nikiwa kwenye cherehani, na mguu ukaendelea kukanyaga bila mimi kujua, mpaka nikashona mkono wa shati la mtoto wa watu ukafungana na kola. Nimefumua. Wewe ulichoshona sijui kama kitafumuka.

Naona umeacha kuwaandikia wahariri wa magazeti, na hasira zote sasa zinakuja kwa anwani yangu. Zamani ulikuwa unawagombeza watu wa maji, watu wa umeme, na yule bwana aliyeandika kwamba lami ni anasa. Nilikuwa nakuonea fahari. Sikujua foleni ile inasogea na siku moja itafika kwangu.

Swali lako nalijibu, na jibu halina mkia: hakukuwa na mtu ndani ya gari.

Unataka shahidi. Ningeweza kukuletea. Lakini nikikuletea shahidi utakuwa umemwamini shahidi, si mimi, na kuanzia siku hiyo nitakaa kwenye nyumba hii kama mtu aliyeachiwa kwa dhamana. Sitaki. Mimi napima watu kwa riziki yangu. Mteja hujibana tumbo akiniona nimeshika futi, namsubiri apumue, naandika tumbo lililoachiwa. Hatuzozani. Nguo ikija kuvaliwa ndiyo inayosema nani alikuwa mkweli. Basi na wewe nunua kwa namba zilizo na nukta, kama zilivyo, usiongeze usipunguze. Gurudumu likikaa, utakuwa umeniamini. Sikuombi kingine, wala sitaomba mara ya pili.

Na kwa kuwa tumeanza kuhojiana, nami nina langu. Gunia.

Miaka kumi na mbili nimepiga magoti mbele ya wateja nikiwakunjia pindo za suruali, na hujawahi hata kwa bahati mbaya kuuliza magoti yangu yana hali gani. Leo umekaa kambini miezi michache tu, unaniandikia weka gunia lililokunjwa, sakafu inauma. Nililisoma neno hilo nikaona si la kwako. Hilo ni neno la mtu aliyekaa karibu na mtu anayejali magoti. Nani kakufundisha? Kuna mtu huko anayepiga magoti, nawe unamtandikia? Maana mwanamume ninayemjua mimi, ningelala chini ya gari mpaka asubuhi, angeniuliza tu kama chai ipo.

Nijibu bila mkia na wewe.

Mkeo


Kambini, darajani
8 Machi

Mke wangu,

Nianze na gunia, kwa sababu nimetukanwa. Hapa kuna wanaume mia na mpishi mmoja mwenye ndevu mpaka kifuani. Mwanamke aliye karibu zaidi yuko kwenye kalenda ya ofisini, na naye anatangaza mafuta ya injini. Kunishuku mimi, kwa neno moja la huruma, bila ushahidi wowote, ni dhuluma ambayo sijawahi kufanyiwa na adui, seuze mke. Nilitaka kuelekeza kazi ifanywe vizuri. Tangu lini wema ukawa kosa? Ningekuwa na gazeti langu jambo hili lingetoka ukurasa wa mbele.

Sasa tuje kwako. Mimi sishuku ovyo, mimi nafanya utafiti. Mkadiriaji wetu wa ujenzi ana gari kama letu, umri uleule. Nikamwomba tulipime. Kwanza nikamkalisha yeye mwenyewe kwenye kiti cha dereva. Ni mwembamba kama antena, gari halikujua kama ameingia. Nikamkalisha mpishi: sentimita moja. Watu wakaanza kukusanyika, kila mtu ana maoni yake, fundi wa nondo akataka tupange zamu. Mwisho nikaketi mimi. Mkadiriaji akapima, akapima tena, akasema sentimita mbili kamili. Walinipigia makofi.

Kwa hiyo usinambie hakukuwa na mtu. Alikuwemo, na ninao uzito wake. Ni uzito wangu mimi, hauzidi wala haupungui. Na mtu mwenye mwili kama wangu ni mmoja tu duniani, maana tumetoka tumbo moja.

Hata bila uzito ningemjua kwa nukta. Ulidhani sitaiona? Baba ndiye aliyekuwa akipima kila kitu mara tatu, bolti, springi, hata meza ya kulia, na nukta inawekwa chini ya namba ya kufuata. Hakuna chuo kinachofundisha hivyo. Wanaoijua nukta ile ni watatu: baba, ambaye amekwisha pumzika, mimi, na Kaka. Wewe hukuwahi kuitumia kwenye mashati yako. Nani amekuonyesha?

Nilikwambia asiitwe. Ungeniletea muuza tairi ningekasirika nikasahau. Ungeniletea mtu nisiyemjua, pengine ningemtafuta nikampiga, mambo yakaisha. Lakini Kaka. Hujui ilivyokuwa kwenye karakana ile. Yeye alishika spana, mimi nilishika taa. Baba akiinuka kutoka chini ya gari alimtazama yeye, akasema, "Safi." Mimi aliniambia, "Shika taa vizuri." Miaka yote hiyo, mke wangu, "safi" na "shika taa vizuri". Kitu kimoja tu nilikipata mimi yeye akakikosa, nacho ni gari lile. Sasa amekikalia, mimi niko huku nahesabu magunia ya saruji. Nimemwona akilini mwangu akiwa kwenye kiti changu, kiwiko dirishani, wewe unamsomea namba naye anakwambia safi. Sijui kama yapo mengine, na sitaki kuyaandika.

Nimenunua. Sikuweza kumwacha Mapengo aondoke mikono mitupu, hana safari nyingine kabla ya mvua. Lakini sikununua kwa namba zako zilivyo. Nimenunua kwa namba zako baada ya kumtoa yule mtu. Sentimita mbili alizozikalia nimezirudisha mahali pake, nafasi ikaonekana kubwa, na hata kile kidole chako cha ndani nikakijua kuwa ni yeye aliyekibana. Kwa hiyo nimechukua rimu pana zinazotokeza nje zaidi, na tairi nene zaidi, zitakazoshika barabara ya mvua. Utaona zitakavyokaa. Hesabu haina kijicho.

Mwambie Kaka asante kwa kazi.

Mumeo


Nyumbani
19 Machi

Mume wangu,

Mapengo ameyashusha magurudumu salama. Mazuri, siwezi kusema uongo, yanang'aa. Nikayafunga mwenyewe, nati tano tano, kwa mkono. Tundu zimekubali, kwa sababu hapo hukumkuta mtu wa kumtoa. Nikawasha gari, nikarudi nyuma, nikakata kona kutoka getini. Sikufika kwa jirani. Tairi la upande wa dereva lilishika madigadi likaanza kuitafuna, na harufu ya mpira ikaingia ndani mpaka mashati yote ya oda nimeyaosha upya. Nilizima gari palepale katikati ya njia, na muuza tairi, ambaye sijui kazi yake ni kukaa wapi, akaja kuniuliza yule fundi wa mashati yuko wapi leo.

Hapo ndipo nilipomwita Kaka. Kwa mara ya kwanza, na nimeandika kwa mara ya kwanza ili usome mara tatu na uweke nukta.

Alikuja kwa miguu kutoka pale alipoegesha pikapu yake. Huyo Kaka uliyemkalisha kwenye gari, mwenye mwili wako, humjui. Tangu alipolazwa mwaka jana amebaki nusu. Suruali zake nimezipunguza mimi mwenyewe, mara mbili, na mara ya pili mifuko ya nyuma ilikaribia kugusana. Nilikuandikia alipolazwa. Ulijibu ukurasa mzima kuhusu hospitali zinavyoendeshwa, na juu yake yeye hukuuliza kitu. Mtu yule leo akiketi kwenye kiti, hata kiti hakishtuki.

Akaingia chini ya gari. Nikasikia anagonga, kisha anacheka peke yake. Akatoka, akajipangusa, akaniita nitazame. Springi ya upande wa abiria imesimama kama mwanajeshi. Ya upande wa dereva imejikunja, pete zake zimelaliana. Gari likiwa tupu, milango imefungwa, hakuna paka wala mtu, upande ule uko chini sentimita mbili. Ndivyo lilivyokuwa siku niliyopima, na ndivyo lilivyo leo.

Nikamuuliza imevunjika lini.

"Haijavunjika, shemeji," akasema. "Hii imekaliwa."

"Imekaliwa na nani?"

Kaka akaanza kukusanya spana zake. Aliyejibu ni mama, kutoka kibarazani, bila kuinuka. "Mwanangu ana mifupa mizito tangu utotoni," akasema. "Na hakuwahi kumpa mtu mwingine usukani."

Basi huyo ndiye mtu wako. Umemtafuta mtaani, umempima kambini mbele ya mashahidi wanaopiga makofi, ukapata uzito wake mpaka kilo ya mwisho. Ni wewe. Miaka kumi na mbili umekaa upande ule, mimi nikakaa ule mwingine, na chuma kikakuandika. Halafu ukajitoa mwenyewe kwenye gari lako ili umtoe mwanamume mwingine.

Sasa mama. Ndiye tuliyepima naye. Ulisema asisumbuliwe, nami sikumsumbua. Niliposoma barua yako kwa sauti aliinuka, akaingia ndani, akatoka na gunia amekwisha likunja mara nne, akaniambia baba yenu alikuwa hawezi kupiga magoti bila hilo. Yeye ndiye aliyekuwa akimtandikia. Wewe ulikuwa mtoto, ukaliona, likakukaa kichwani bila kujua limetoka wapi. Kwa hiyo suala la gunia nililijua kabla sijakuandikia. Nilijua tangu mwanzo kwamba hakuna mwanamke huko. Nilikuuliza ili nawe uonje kuulizwa. Umeonja, nimesoma, karibu uandike ukurasa wa mbele.

Usukani alikata yeye, kwa kusimama nje na kupitisha mikono dirishani, maana goti halimruhusu kupanda. Ni mgumu kweli. Alikuwa anauvuta huku anamsema aliyeutengeneza.

Na nukta ni yake. Ulihesabu wanaoijua ukapata watatu. Nani aliyekuwa anakaa kwenye benchi la karakana na kalamu, baba akiwa chini ya gari anataja namba? Macho yake yamechoka, ni kweli, haoni namba za rula. Mimi nilimsomea, yeye akasikiliza, mara tatu kila kipimo, kisha akaniambia, "Weka nukta hapo." Nikamuuliza kwa nini. Akasema mtu aliye chini ya gari hutaja namba tatu, aliye juu ndiye huchagua. Mimi nilidhani unajua. Kumbe hata yeye alidhani unajua.

Aliomba nisikuambie, kwa sababu ulimtaka apumzike na hakutaka kukuudhi. Lakini si kwa ajili yake nilinyamaza, wala siwezi kujificha nyuma yake. Nilitaka mara moja tu katika maisha yangu uchukue neno langu likiwa peke yake. Nilikwambia sitaomba mara ya pili, na siombi.

Magurudumu yako hayakupotea. Kaka aliyatazama, akayapima, akaenda kuleta pikapu. Yamekaa humo kama yamezaliwa humo, hayagusi popote. Nimemruhusu ayatumie mpaka utakaporudi mzungumze wenyewe. Gari letu liko juu ya mawe. Siku za kupeleka nguo Kaka ananiachia pikapu, naiendesha mwenyewe, mama anakaa pembeni yangu na mashati nyuma. Ulitaka Kaka asiitwe, sasa napanda gari lake mara mbili kwa wiki, juu ya magurudumu uliyochagua wewe. Hesabu haina kijicho.

Mkeo


Kambini, darajani
2 Aprili

Mke wangu,

Nimekaa na barua yako mpaka mpishi akaniuliza kama kuna msiba nyumbani. Nikamwambia hapana, kuna mtu amepatikana. Akasema alhamdulillahi.

Nilijaribu kukujibu kwa hoja. Nimechana karatasi nne. Kila hoja niliyoianza nilikuta nimeikalia mwenyewe.

Barabara imefungwa kwa malori, Mapengo hapiti tena mpaka nchi ikauke, kwa hiyo siwezi kutuma kitu kizito. Lakini springi si nzito, dereva wa gari la dawa amekubali kuibeba miguuni mwake. Uwanjani zipo za aina nyingi na zote zinafanana kwa macho. Nipe urefu wa ile iliyo nzima, unene wa chuma chake, na upana wa pete ya juu. Pima wewe, na mama. Nitanunua yenye nukta. Sitauliza nani alikuwa amesimama wapi. Sikuandikii haya ili useme yameisha, najua hayajaisha. Nakuandikia ili gari liinuke.

Mwambie mama kwamba mimi nilikuwa nashika taa. Taa ilikuwa inatazama chini, kwa baba na Kaka, kwa sababu ndiko nilikotaka kuonwa. Upande wa benchi kulikuwa giza, nami ndiye niliyeliacha giza hilo. Asipumzike kama hataki.

Nikirudi, kiti cha dereva ni chako. Mimi nitakaa upande wa abiria, springi ile bado ina nguvu, na tuone itachukua miaka mingapi.

Mumeo

Nyongeza: Kaka alipoyapima yale magurudumu kwenye pikapu yake, yakakaa, alisema nini? Usinitungie. Niambie tu kama alisema "safi".